Treni Namba Kumi na Saba Inangojewa

Papa Okito alikuwa na benchi lake pale stesheni ya Kindu, na watu wote walijua kuwa ni lake, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo. Lilikuwa chini ya ubao mweusi wa treni, upande wa ukuta wenye kivuli. Alikuwa amestaafu miaka tisa iliyopita. Hata hivyo kila asubuhi alivaa koti lake la kazi lililokwisha kupauka mabegani, akatembea kutoka kwake Mikelenge hadi stesheni, akatoa kipande cha chaki mfukoni na kukoleza mstari mmoja tu wa maandishi pale ubaoni. Kisha akaketi. Wakubwa wapya walipohamia na kuuliza mzee yule ana kazi gani, waliambiwa huyo ni wa ubao, mwacheni. Nao wakamwacha, kwa sababu chaki alijinunulia na hakumwomba mtu kitu.

Basi mwezi wa sita mwaka 2024 ikaja skrini.

Ilikuja ndani ya boksi pana kama mlango, pamoja na mabamba ya kuvuta umeme wa jua na binti mmoja wa Kalima aitwaye Divine, fundi wa kampuni ya matangazo iliyokuwa imeelewana na wakubwa wa stesheni. Divine aliwaeleza wote waliosimama kutazama. Sehemu kubwa ya skrini ingeonyesha matangazo: magodoro, sabuni, kadi za simu, mikutano ya maombi. Juu kabisa kungekuwa na ukanda wa habari za wasafiri: treni gani, inatoka wapi, inaingia saa ngapi. Sasa, treni yenyewe huingia Kindu mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa na huruma, kwa hiyo mwenye akili zake alielewa kuwa kilicholetwa pale ni magodoro, na treni ni chumvi ya kukolezea tu. Lakini watu walifurahi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tatizo lilikuwa ukuta. Divine alizunguka stesheni nzima na kipimo chake akaona ukuta mmoja tu unaofaa, usiopigwa na jua wala mvua, na ukuta huo ndio wenye ubao. Akaagiza ubao ung'olewe. Papa Okito akainuka akasimama mbele yake, mikono nyuma. Vijana waliokuja na nyundo walimtazama Divine, Divine akawatazama wao, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumshika mzee bega, kazi ikasimama mpaka mchana.

Mwishowe Divine alifanya jambo la busara. Aliketi kwenye benchi akasoma kilichoandikwa ubaoni. *Treni 17. Kutoka Kibombo. 27 Agosti 1998, saa kumi ya jioni. Inangojewa.* Akauliza ni nini hii, na Papa Okito, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameulizwa, akamweleza.

Alimweleza kwanza kuhusu mkuu wake wa zamani wa stesheni, yaani chef de gare, aitwaye chef Bruno, aliyemfundisha kazi akiwa kijana. Chef Bruno alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko Amri Kumi: treni haifutwi ubaoni kabla haijaingia. Sababu ilikuwepo. Zamani karani mmoja alifuta treni kwa maneno ya njiani, akafungulia nyingine njia, na kidogo zikutane uso kwa uso. Tangu hapo mstari ulifutwa kwa mambo mawili tu: ama treni imeingia, ama mkuu wa stesheni ilikotoka amepiga simu na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kuwa imerudi. Neno la askari halikuhesabiwa, wala la mchuuzi, wala la mtu yeyote aliyekuja kwa miguu.

Alhamisi ile ya mwaka wa tisini na nane, Kibombo walipiga simu asubuhi: namba kumi na saba imeondoka, imejaa watu na magunia. Mke wa Okito alikuwa ndani, akirudi kutoka kumzika mama yake. Okito aliandika mstari ule kwa mkono wake, tena kwa mwandiko wa kupendeza, kwa sababu siku hiyo alikuwa na furaha. Alikuwa amelala peke yake wiki tatu na hakupenda hata kidogo. Saa kumi ikafika, jua likazama, treni hakuna. Kesho yake simu ya Kibombo ilikuwa bubu. Halafu vita vikaingia mjini, vikakaa miaka mitano, na kwa miaka hiyo hakuna treni hata moja iliyopiga honi Kindu.

Askari wa upande huu walilala stesheni, wakaondoka, wakaja wa upande ule. Walichoma mabenchi kwa kupikia. Ubao waliuacha kwa kuwa ulipakwa lami na moshi wake ungenuka. Na Okito alikwenda kila asubuhi, mshahara hakuna, akipita katikati ya bunduki na chaki yake. Baadhi ya askari walimwona kichaa, na kichaa huachwa apite.

"Haijaingia," alimwambia Divine. "Na Kibombo hawajapiga. Njo maana iko pale."

Divine aliusoma mstari tena. Alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Akatafuta njia ya kumaliza kazi yake bila kumvunjia mzee heshima, na akadhani ameipata. "Papa, nipatie tarehe na saa," akasema. "Nitaiingiza treni yako ndani ya mashine. Itakuwa inaonekana vizuri kupita hapa ku ubao. Sasa utaniachia ukuta?"

Papa Okito alifikiri muda mrefu, akakubali, na ubao ukang'olewa.

Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia Divine, wala hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya tisa baada ya Alhamisi ile, mtu mmoja alifika nyumbani kwake Mikelenge kwa mlango wa nyuma. Alikuwa Kitenge, mtengeneza njia ya reli, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea na kukaza misumari. Alikuwa ametembea kutoka huko porini, miguu imevimba. Alikataa kuketi. Alisema namba kumi na saba iko kilomita ya hamsini na mbili, imesimamishwa na watu wa bunduki, na mabehewa yameungua yote. Abiria hawakubaki. Yeye na wanakijiji wawili walichimba siku mbili upande wa kushoto wa reli, wakawafunika. Alisema alimwona mke wa Okito kwa macho yake na kwamba alimlaza vizuri. Akasema: "Usiandike tena, ndugu yangu."

Na Okito alimjibu nini? Alimwambia: "Wewe si chef de gare."

Ndivyo alivyomjibu mtu aliyemzikia mke. Kitenge alimtazama, akavaa kofia yake, akaondoka. Mwaka haukwisha homa ikamchukua, na habari ile ikabaki kifuani mwa mtu mmoja tu. Mwanzoni Okito alijiambia anaogopa askari, na kweli askari walikuwa wa kuogopwa. Lakini askari waliondoka, na bado hakusema. Ukweli ni mdogo kuliko hapo: angesema, angetakiwa kufuta, na angefuta, angekwenda nyumbani kukuta nyumba tupu isiyongoja mtu. Nyumba inayongoja mtu ina shughuli. Unafagia, unaweka maji. Aliipenda ile shughuli kuliko ukweli.

Watu walikuja kusoma ubao miaka ile ya vita. Walikuwa jamaa za waliokuwa ndani. Uvumi ulikuwa wa kila aina: treni imeungua, treni imerudi Kongolo, abiria wako msituni wanalimishwa. Kila uvumi ulipozidi, mtu mmoja alisema maneno haya haya: Okito mwenyewe mke wake yumo ndani, na hajafuta, angekuwa na habari mbaya si angefuta? Basi wakarudi makwao na tumaini lao. Vita vilipokwisha, familia moja moja zilichoka, zikafanya matanga bila maiti, zikanyoa nywele, zikaendelea na maisha. Shemeji zake nao walikuja kumwomba wamlilie ndugu yao. Akawafukuza. Tangu siku hiyo hawakumsalimu tena, na sikukuu zake zote alizila peke yake, sufuria dogo, sahani moja. Mpaka skrini inakuja, Papa Okito aliamini kuwa hakuna mtu mwingine duniani anayeusoma mstari ule isipokuwa yeye.

Jumatano tarehe kumi na mbili, saa nne na dakika nne asubuhi, Divine aliwasha. Watu walikuwa wengi. Kwanza likaja godoro, na mwanamke amelilalia huku anatabasamu, na maandishi: *Lala bila mawazo*. Wakapiga makofi. Kisha ukanda wa juu ukawaka. Divine alikuwa ameandika "inangojewa" kama alivyoahidi. Lakini mashine ina desturi zake: treni ambayo saa yake imepita haiiti inayongojewa. Ilibadilisha neno yenyewe, ikapiga hesabu yenyewe, na juu ya kichwa cha yule mwanamke wa godoro yakatokea maneno haya: *Treni 17, kutoka Kibombo. Imechelewa. Saa 226,098, dakika 4.*

Watu wakasoma. Kisha dakika nne ikageuka dakika tano mbele ya macho yao, na mtu mmoja akacheka, na wote wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Mmoja akasema kawia ufike. Mwingine akauliza kama tiketi za mwaka ule bado zinakubaliwa. Simu zikatolewa, picha zikapigwa, godoro na treni pamoja. Sitawalaumu sana. Wengi walikuwa watoto wa juzi, na Kindu haina mambo mengi ya kuchekesha. Papa Okito alisimama nyuma yao na kipande chake cha chaki, ambacho sasa hakikuwa na pa kuandika. Aliona aibu, na aibu hiyo alikuwa hajaijua kwa miaka ishirini na mitano: chaki haikuwahi kumhesabia saa. Divine alikuja kumwomba radhi, akasema atatafuta namna ya kuizima ile hesabu kesho. Kesho yake mabamba ya jua yalisumbua, akawa juu ya paa siku nzima.

Picha zilitembea. Zilivuka mto upesi kuliko watu wanavyovuka.

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja, akaja mwanamke kutoka ng'ambo, Alunguli. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, amevaa kitenge kipya na ushungi uliopigwa pasi, na viatu vyake alivibeba mkononi kutoka kwenye mtumbwi ili visiingie tope, akavivaa mlangoni mwa stesheni. Alitafuta mwenye skrini, akaonyeshwa Divine. Papa Okito alikuwa kwenye benchi, hatua tatu kutoka hapo, na alisikia yote.

Jina lake Ramla. Alimwambia Divine kuwa mume wake, Assani, fundi cherehani, yumo ndani ya namba kumi na saba. Alikwenda Kibombo kutafuta kifaa cha mashine yake, wakiwa wameoana miezi minane. Jirani alimwonyesha picha kwenye simu huku anacheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani akapaka nyumba chokaa, akafua mashuka, na mbuzi wa Idi amefungwa uani. Sasa amekuja kuuliza kitu kimoja tu: treni inaingia saa ngapi, ili awepo.

Divine hakuelewa. Akasema polepole kuwa mashine inahesabu yenyewe.

"Njo ile ninasema," Ramla akajibu. Hakuwa mjinga, na alizungumza kama mtu aliyekwisha kufikiri usiku wote. "Ubao ulisema inangojewa. Kungoja, hata mutu asiyejua kitu anaweza kungoja. Lakini hii inahesabu mpaka dakika. Huwezi kuhesabu dakika za kitu hauone. Kule Kinshasa wameiona iko njiani, ao hapana?"

Usimcheke. Umri wake wote wa utu uzima aliishi kwa kuamini ukuta wa stesheni, na ukuta haukuwahi kumwambia uongo mwingine. Divine, maskini, aligeuka akaangalia benchi. "Mama, Papa Okito njo anajua mambo ya ile treni," akasema. "Ulizeni yeye."

Ramla akamgeukia. Alipomtambua uso ukamfunguka, akamwamkia kwa heshima, akasema alimwona mara nyingi wakati wa vita alipokuwa akija kusoma. Baadaye kuvuka kulimshinda, akawa anauliza watu wanaotoka upande huu: je, mstari wa Okito uko bado? Wakimwambia uko, alilala. Mwaka hadi mwaka, hivyo hivyo. "Nilijua wewe hauwezi kutudanganya," akasema, "maana wako naye iko mule."

Watu watatu wanne walikuwa wamesogea kusikiliza. Papa Okito angeweza kusema bado tunangoja, mama. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, yamelainika kwa kutumiwa, na yule mwanamke angerudi kwake kumchinja mbuzi na kungoja tena mpaka afe. Angekufa na tumaini. Mara nyingi Okito alijiambia kuwa hilo ndilo analowapa watu. Lakini alitazama viatu vyake, vile viatu vilivyobebwa mkononi, na akaona kuwa hakuwahi kumpa mtu kitu.

"Mama," akasema, "hii mashine haione kitu. Tarehe njo mimi niliitoa. Ile treni haitaingia. Waliichoma ku kilomita makumi tano na mbili, siku ile ile. Batu bote walikufa. Walizikwa pale pale, upande wa kushoto wa reli."

"Nani anasema?"

"Kitenge wa reli aliwazika. Alikuja akaniambia kisha siku tisa."

Ramla akahesabu. "Siku tisa," akasema. "Ya mwaka gani?"

"Mwaka ule ule, mama. Makumi tisa na nane."

"Na wewe haukufuta."

"Sikufuta."

Hakulia, hakumpiga, ingawa wote waliokuwepo walingoja ampige na hakuna ambaye angemzuia. Alisimama tu mikono imelegea, akainua macho kwenye skrini. Godoro lilikuwa limepita, sasa ni sabuni, mtoto anaoga povu tele. Juu yake dakika ilibadilika. Ramla akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza kweli:

"Sasa mbona bado inahesabu?"

Papa Okito akamwambia Divine aiondoe. Divine alichukua kompyuta yake, akabonyeza, mashine ikamwuliza sababu ya kufutwa na kumpa za kuchagua: ubovu wa injini, ubovu wa njia, mvua, nyingine. Akachagua nyingine. Mstari ukatoweka. Okito alikuwa amefikiri kuwa siku hiyo ikifika angeanguka, lakini hakuanguka. Alibaki ameketi, na alipoinua macho Ramla alikuwa amekwisha kutoka, anavua viatu mlangoni.

Mficha maradhi kilio humfichua, na cha Okito kilikuwa kilio cha mtu mwingine. Habari zilienea mjini kabla ya adhuhuri. Jumamosi hakuna aliyemsalimu njiani. Jumapili ikawa Idi, akasikia shangwe za watu akiwa ndani ya nyumba yake. Jumanne alifunga kilo mbili za sukari ndani ya kitambaa, kama mtu anavyokwenda matangani, akateremka mtoni kuvuka.

Ndani ya mtumbwi aliuliza nyumba ya Ramla mke wa fundi Assani. Mpiga kafi alimjua. Nani asiyemjua, akasema, si yule aliyemkataa Tambwe? Abiria wakasaidiana kueleza, kwa furaha ya watu wenye hadithi na njia fupi. Tambwe alikuwa mtu wa Kailo mwenye michikichi, mpole, mswalihina. Alileta wazee wake mara ya kwanza vita vilipokwisha, akaambiwa mume wangu yuko njiani. Akangoja miaka mitatu, akaleta tena, akaambiwa vile vile. Ndipo alipooa kwingine, na sasa ana watoto saba, mkubwa wao ameolewa juzi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema mama mmoja, wakacheka kidogo. Hawakumjua mzee wa sukari ni nani. Papa Okito alitazama maji mpaka wakafika.

Alitegemea kukuta turubai, mikeka, wanawake wamejaa uani. Hakukuta. Nyumba ilikuwa nyeupe kwa chokaa mpya. Ramla alikuwa peke yake anachambua maharage. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Okito aliweka sukari chini, akasema amekuja kutoa pole.

"Matanga haiko," Ramla akasema bila kuinua kichwa. "Nilienda kwa shehe kuuliza niingie eda siku gani. Akaniuliza mume alikufa lini. Nikamupa tarehe yako. Akahesabu. Akasema eda ya mujane inaanza siku mume anakufa, haingojee habari ifike. Miezi ine na siku kumi. Yangu ilianza ile Alhamisi, ikakwisha mwezi wa kwanza wa makumi tisa na tisa." Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Alinionea huruma. Alisema, binti yangu, hauna kitu cha kufanya tena."

Papa Okito aliinama akaliokota lile jiwe.

"Nilikuwa huru," akasema Ramla. "Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili, na nilikuwa huru. Tambwe alikuja hapa, akaketi pale unasimama, na nilikuwa huru. Ningekuwa na batoto. Mutu mumoja tu njo alijua ile ku Kindu nzima."

Okito alipiga magoti, na kwa umri wake haikuwa kazi ndogo. Akamwomba msamaha. Ramla alimtazama kwa muda, si kwa chuki, bali kama mtu anayetazama deni ambalo hata likilipwa halimfai kitu. Akasema: "Leo hapana, papa. Kesho sijui. Rudi kwako."

Okito akainuka kwa kushika ukuta, vumbi la chokaa likabaki kiganjani mwake. Alitembea mpaka kwenye njia. Alikuwa hajafika mbali aliposikia anaitwa, akageuka haraka, na moyo wake ukafanya ujinga wa kutumaini.

Ramla alikuwa amesimama mlangoni. "Mke wako," akasema, "jina lake nani? Nitamuombea pamoja na Assani. Yeye hakunikosea."

Swali dogo kuliko lile hakuna. Lakini kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyemwuliza Okito jina hilo. Mjini alikuwa mke wa Okito, mke wa yule wa ubao. Shemeji waliolijua waliacha kumsemesha. Na yeye mwenyewe, nyumbani, hakulitamka hata mara moja, kwa kuwa jina huitwa ili mtu aitike.

"Scholastique," akasema.

Alipolisema akaketi chini pale pale njiani na koti lake la kazi, akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza, siku habari inapofika. Watoto waliacha mchezo wakaja kumtazama. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka mmoja mmoja wakauliza nani amekufa. Ramla hakumgusa wala hakumnyamazisha. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika pale njiani kando yake. Kisha akaketi upande wa pili wa mkeka, amempa mgongo, akavuta ushungi usoni na kuanza kumlilia Assani.